Wasomaji Wauliza: Kempa ya Paa la Kunyanyuka au ya Kuta Ngumu?

Barua za toleo hili zote zimetoka mkoa wa Tanga, na zote zinahusu kempa za kupakia, yaani vile vyumba vidogo vya kulala vinavyokaa juu ya bodi la pikapu na kushushwa safari inapokwisha. Barua ya kwanza ndiyo iliyobeba swali kubwa, kwa hiyo nimeijibu kwa kirefu.

SWALI: Ndugu mwandishi, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Chumbageni. Mimi na mke wangu tuna Hilux dabo kebini, na kwa kuwa sasa muda tunao, tunataka kutembea Lushoto, Amani na Saadani tukilala ndani ya gari letu badala ya kutafuta nyumba za wageni. Mpwa wangu aliyeko Marekani ametuonyesha kempa mbili zilizotumika. Moja paa lake hunyanyuliwa mkishafika mahali pa kulala, na sehemu ya juu ya kuta zake ni turubai. Nyingine ina kuta ngumu tangu chini hadi juu, pamoja na choo na bafu ndani, na mke wangu ameipenda mno kwa picha. Bei zake zinakaribiana. Tuchukue ipi?

JIBU: Mwalimu, shikamoo, na mama naye nampa shikamoo yake. Naomba tuanze na pikapu yenu kabla ya kufika kwenye kuta, kwa sababu watu wengi huchagua kempa kwanza na kuuliza baadaye kama gari litaibeba, ilhali ni gari ndilo linalopaswa kutoa jibu.

Kila gari limewekewa na kiwanda uzito wa juu lisiloruhusiwa kuuzidi, na uzito huo unahesabu gari lenyewe, watu, mafuta na kila kitu kilichopakiwa. Tarakimu hiyo utaikuta kwenye kibati kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti, na pia kwenye kitabu cha gari. Lipeleke gari kwenye mizani ya malori likiwa na tangi lililojaa, wewe na mama mkiwa mmeketi ndani, kisha uutoe uzito utakaoupata katika ule wa kibati. Kinachobaki ndicho kila kitu mnachoweza kuongeza, kuanzia kempa yenyewe hadi sufuria ya mwisho. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba kibati kinasema kilo 2,900 na mizani imesema 2,200. Mmebakiwa na kilo 700.

Kempa za paa la kunyanyuka zinazotengenezwa kwa ajili ya pikapu ndogo kwa kawaida huwa kati ya kilo 350 na 550 zikiwa tupu. Zile za kuta ngumu zenye choo na bafu ndani mara nyingi huanzia karibu kilo 700, na zile kubwa zinazobebwa na pikapu nzito za Kimarekani huvuka tani moja na nusu. Zingatia sana hilo neno «tupu», kwa maana muuzaji hutaja uzito wa kempa kabla ya kuwekwa maji, betri, mtungi wa gesi, turubai la kivuli cha nje, godoro na chakula. Maji peke yake ni kilo moja kwa kila lita, kwa hiyo tangi la lita 60 ni kilo 60 zilizokaa mahali pamoja. Mkichukua kempa ya kunyanyuka yenye kilo 450, mkaongeza maji na kilo 120 za vitu vyenu, mtafika 630 na bado mtakuwa salama katika mfano wetu. Mkichukua ya kuta ngumu yenye kilo 800 na vitu vilevile, mtakuwa mmeshapita kikomo kwa karibu kilo 280 kabla hamjafika Pongwe. Siku hizi zipo kempa chache za kuta ngumu zilizofanywa nyepesi, lakini wepesi huo umepatikana kwa kuondoa kile kile alichokipenda mama, yaani bafu.

Najua mafundi wa Ngamiani watakwambia kwamba jambo hilo ni dogo, litaongezwa jani moja la springi kila upande na gari litasimama vizuri. Gari litasimama vizuri, ni kweli, lakini springi mpya haiongezi nguvu ya breki, wala ya ekseli, wala ya beringi za magurudumu, na uzito ule wa kibati unabaki palepale. Mteremko wa kutoka Lushoto kwenda Mombo una kama kilomita 33 za kona zilizofuatana kando ya korongo, na huko ndiko breki zilizochoka hujitangaza.

Zaidi ya uzito kuna mahali unapokaa. Kitovu cha uzito wa kempa kinatakiwa kiwe mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Bodi la dabo kebini yenu lina urefu wa takriban mita 1.5, wakati pikapu nyingi za Kimarekani zina bodi la mita 1.7, 2 au hata 2.4, na kempa nyingi zilizotumika huko zilikatwa kwa vipimo hivyo. Kempa ndefu ikikaa juu ya bodi fupi huning'inia nyuma, na ikining'inia huyanyanyua magurudumu ya mbele kiasi cha kuufanya usukani uwe mwepesi isivyopendeza. Mwambieni mpwa wenu apime urefu wa sakafu ya kempa na upana wake kati ya matao ya magurudumu, asitegemee maneno ya tangazo. Apime pia kempa nzima kwa ajili ya kontena: mlango wa kontena una upana wa takriban mita 2.34, na kimo cha mita 2.28 kwa lile la kawaida au 2.58 kwa lile refu. Kempa ya kunyanyuka iliyofungwa kwa kawaida huingia bila taabu. Ya kuta ngumu yenye kitanda juu ya kebini mara nyingi hugoma, na hapo gharama ya meli hubadilika kabisa. Habari za ushuru muulizeni wakala wa forodha kabla mzigo haujapakiwa.

Kuna suala la kimo pia barabarani. Pikapu yenye kempa ya kuta ngumu hufika mita tatu au zaidi kutoka ardhini, ilhali ile ya kunyanyuka, ikiwa imefungwa, hupita juu ya kebini kwa kiasi kidogo tu. Tofauti hiyo mtaihisi mnapopishana na basi kati ya Korogwe na Segera, upepo wake unaposukuma ubavu mzima wa kempa. Mtaihisi kwenye matuta, gari linapoyumba kushoto na kulia baada ya kuvuka. Na mtaihisi zaidi ya kote njiani kutoka Muheza kwenda Amani, ambako matawi hayajali paa la mtu. Mafuta nayo hupungua haraka kwa gari linalosukuma hewa nyingi.

Kwa hiyo, Mwalimu, kwa gari mlilo nalo na njia mlizozitaja, chukueni ya paa la kunyanyuka. Mama anisamehe. Choo cha kubebeka chenye tangi la kuchomoa kinapatikana na kinaingia chini ya kiti, na bomba la kuogea la nje, likizungushiwa pazia nyuma ya gari, linatosha kabisa katika hali ya hewa ya mwambao. Iwapo siku moja mtakuwa na Land Cruiser ya singo kebini yenye bodi refu, niandikieni tena, kwa sababu jibu langu linaweza kubadilika.

Kwa umri wenu ningeongeza uchunguzi mmoja: paa linanyanyuliwaje? Katika kempa nyingi, zikiwamo za kampuni ya Four Wheel Campers ya California iliyoanza kuzitengeneza mwaka 1972, mtu husimama ndani na kulisukuma kwa mikono, kwanza upande mmoja kisha mwingine. Kazi hiyo si ya dakika nyingi, lakini mwenye kempa akishapakia paneli za sola na kivuli juu ya paa, bega litalalamika. Zipo zinazonyanyuliwa kwa mpini wa kuzungusha na zipo za umeme. Mpwa wenu ajaribu mwenyewe kulinyanyua paa hilo likiwa na vitu vyake vyote juu, na awaambie ukweli.

SWALI: Sisi wa Pangani tunaijua masika na tunalijua joto la Februari. Mume wangu anasema turubai ni hema tu, litavuja na kuoza. Mimi naona kuta ngumu zitatuoka kama mikate. Nani ana haki?

JIBU: Dada, kila mmoja wenu ana haki katika msimu wake, na ugomvi wenu ndio unaonifurahisha zaidi katika barua hizi, kwa kuwa wanunuzi wengi husoma maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi zenye theluji. Huko ukuta mnene ni fadhila kubwa, kwa sababu hushika joto ndani. Pangani tatizo letu ni kulitoa.

Ukuta wa kempa ngumu una povu gumu katikati, kwa kawaida la sentimita mbili hadi nne hivi, na povu hilo huchelewesha jua la mchana kuingia. Hilo ni jema hadi saa kumi na mbili jioni. Joto likishaingia, lile povu huchelewesha kutoka kwake vilevile, na madirisha ya kempa hizi mara nyingi ni madogo. Kiyoyozi hulimaliza tatizo, lakini kiyoyozi kinataka umeme wa ukutani au jenereta, au betri nyingi ambazo uzito wake mmeshauona katika jibu lililotangulia. Feni ya paani ya volti 12 inayotoa hewa nje hutumia umeme kidogo na husaidia sana. Msinunue kempa ya kuta ngumu isiyo nayo. Kempa ya turubai, kwa upande wake, hufunguliwa madirisha ya wavu pande zote, na usiku wenye kaskazi mtalala vizuri bila feni. Katika hilo nakupa wewe ushindi.

Masika ni habari nyingine. Turubai la kempa nzuri si turubai la hema. Ni kitambaa kilichopakwa vinili, na likiwa zima halivuji. Tatizo linakuja asubuhi, mnapotaka kuondoka na mvua haijaacha, kwani paa likishushwa, kitambaa kilicholowa hukunjwa kikiwa kimebanwa juu ya kitanda. Katika unyevu wa mwambao kuvu haingoji. Siku mbili za kukaa hivyo zinatosha kuanza kuona madoa meusi na kusikia harufu ambayo haitatoka kirahisi. Dawa yake ni kulifungua paa jioni ile ile, hata kama mmesharudi nyumbani, na kuacha madirisha wazi hadi kitambaa kikauke kabisa kwenye mikunjo. Familia isiyo na mahali pa kulisimamisha gari likiwa limefunguliwa ifikirie mara mbili. Wakati wa kusi mkali pia kitambaa hupigapiga usiku kucha, na njia ya kupunguza kelele ni kuelekeza pua ya gari kwenye upepo.

Lakini mumeo asidhani kwamba kuta ngumu haziozi. Kempa nyingi za zamani zina fremu ya mbao iliyofichwa kati ya karatasi za alumini au faibaglasi, na maji huingia kwa kiungo kimoja cha paa au pembe moja ya dirisha, yakakaa ndani miaka bila mtu kujua. Mbao iliyolowa, kwetu, ni mwaliko kwa mchwa. Mnapoikagua kempa iliyotumika, bonyezeni kuta kwa kidole gumba kuzunguka kila dirisha, kwenye pembe za chini na chini ya kitanda cha mbele. Panapobonyea au palipovimba, ondokeni. Zinazostahimili zaidi ni zile zilizofinyangwa kwa faibaglasi katika vipande viwili vikubwa, cha juu na cha chini, kama zile za Northern Lite ya Kanada, kwa sababu viungo vya kuvujia ni vichache. Nyingine zote, za turubai pia, zinahitaji gundi ya viungo vya paa ikaguliwe kabla ya masika na tena kabla ya vuli.

Chumvi haina upande. Alumini inapogusana na bolti ya chuma katika hewa ya bahari, huliwa polepole kuzunguka tundu la bolti hadi tundu linapanuka, na bolti hizo ndizo zinazoishikilia kempa kwenye gari. Mkitoka ufukweni, oshini sehemu hizo kwa maji baridi, na mbadilishe bolti kwa za chuma kisichoshika kutu zenye washa za plastiki katikati.

Ipo njia ya tatu ambayo mumeo huenda akaipenda: kempa ya kuta ngumu ambayo nusu yake ya juu huteremka na kuifunika nusu ya chini kwa mitambo ya haidroli. Alaskan ya Marekani imekuwa ikizitengeneza tangu miaka ya 1950. Hakuna kitambaa cha kuoza, na gari huwa fupi barabarani, ila ni nzito na ni ghali kuliko za turubai, na vyombo vya haidroli vikileta shida Pangani sijui nani ataviwahi.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni kijana wa Muheza, napeleka wageni Saadani na Amani. Je, mtu yuko salama nyuma ya turubai kukiwa na nyani, simba na wezi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuhusu wanyama, wenzetu wa Marekani wameshaliwekea jambo hili sheria mahali pengine: katika hifadhi ya Yellowstone, kambi ya Fishing Bridge inapokea magari ya kuta ngumu tu, kwa sababu dubu hupita hapo, na kempa yenye sehemu ya turubai huhesabiwa kuwa hema. Sisi dubu hatuna, lakini msingi ni uleule, kwamba kinachomvuta mnyama ni harufu ya chakula. Simba na tembo wa Saadani kwa kawaida humwacha aliyetulia ndani. Nyani ndiye mwenye ujasiri wa kurarua wavu mchana, mkiwa mmeenda kutembea, kwa ajili ya ndizi moja iliyosahaulika. Chakula kikae kwenye sanduku gumu, na paa lishushwe kila mnapoondoka, hata kwa saa moja. Mwulize askari wa hifadhi mahali pa kusimama. Hoja ninayoipa uzito zaidi kuliko kucha za simba ni ya choo: katika kambi ya porini mgeni hatakiwi kushuka gizani, kwa hiyo kempa ya wageni, iwe ya aina yoyote, lazima iwe na choo ndani.

Kuhusu wezi, ni kweli kisu hupita kwenye turubai. Lakini mlango wa kempa ngumu nao ni mwembamba, kufuli lake ni dogo, na dirisha lake ni la plastiki. Lala mahali penye mlinzi.

SWALI: Mimi ni fundi umeme wa Makorora. Nimeletewa kempa ya Kimarekani niiunganishe. Nianze wapi?

JIBU: Anza kwa kutoichomeka kwenye soketi ya nyumbani. Vifaa vyake vya umeme wa ukutani ni vya volti 120 na mzunguko wa hezi 60, nasi tuna volti 230 na hezi 50. Mfumo wa volti 12 wa taa, pampu ya maji na feni uache ulivyo. Badilisha chaja ya betri, soketi na kikata umeme, na kiyoyozi kama kipo kitolewe, kwani transfoma hubadilisha volti lakini haibadilishi hezi. Vifungio vya mtungi wao wa gesi havilingani na mitungi yetu ya kilo 6 na 15, hivyo weka regyuleta ya hapa na upime uvujaji kwa povu la sabuni. Ukikuta jokofu linaloendeshwa kwa gesi, mwambie mwenyewe kwamba linataka gari lisimame sawasawa na hudhoofika kwenye joto letu. La kompresa ya volti 12 litamfaa zaidi.

SWALI: Kwa nini tuagize nje? Fundi wa alumini wa Raskazone anayetengeneza madirisha hawezi kutujengea?

JIBU: Anaweza kujenga sanduku. Kinachomshinda fundi wa madirisha ni mtikisiko, kwa sababu fremu ya dirisha haijawahi kusafiri, na kona zilizofungwa kwa skrubu ndogo hulegea kwenye barabara ya vumbi. Tafuteni mtu anayechomelea alumini vizuri, atumie mabomba manene ya mraba, na kempa ifungwe kwenye chesisi, wala si kwenye bati jembamba la bodi, ambalo hupasuka.

Katika hili naona Tanga ina bahati ambayo waagizaji hawaihesabu. Mafundi wanaoshona maturubai ya malori wanao uzi, vinili na cherehani za kushonea ukuta mpya wa kempa ya kunyanyuka, na ukuta huo huchakaa kwa jua hata ukitunzwa. Wapelekeeni ule wa zamani kama kielelezo bila kuufumua. Wanaotengeneza boti za faibaglasi nao wataziba ufa wa kempa iliyofinyangwa vizuri kuliko gereji yoyote. Linalobaki kuwa gumu ni mtambo wa kunyanyulia paa, na huo ningeununua ukiwa tayari.

Kabla ya kumlipa fundi fedha za mwisho, ijazeni kempa mifuko ya mchanga yenye uzito wa vitu mnavyotarajia kubeba, mwende nayo hadi Pangani na kurudi kwa njia mbovu kuliko zote mnazozijua, kisha mkague naye kila kiungo na kila bolti, mmoja akitikisa na mwingine akitazama.